Mwaka Niliokuwa Mdomo wa Mwalimu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza na simu mzizime. Mliniomba niwaandikie kuhusu utumishi, na najua mlitarajia mistari ya Biblia ya kubandika ukutani. Mistari mnayo. Mimi nitawaandikia mwaka mmoja tu. Nilikozaliwa, baba yangu alikuwa nani na tulizaliwa wangapi, hayo yaacheni, hayawasaidii kitu. Mwezi uliopita tulimzika Kalondu, na mlipokuwa mkiimba pale kaburini mimi sikuwa naimba. Nilikuwa nahesabu watu waliobaki duniani wanaojua nilichofanya mwaka ule. Nilihesabu nikafika kwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Ndiyo maana naandika. Jambo likibaki na mtu mmoja huanza kugeuka, kila mwaka linazidi kumpendeza mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini hivi, sijui hasa, maana sisi tulihesabiwa kwa njaa, hatukuhesabiwa kwa karatasi. Nilikuwa yaya katika nyumba moja ya Spring Valley. Nyuma ya nyumba ile, ukipita kamba za kuanikia nguo na ua wa kayaba, kulikuwa na kwota yetu: chumba kimoja, vitanda viwili vya chuma, na dirisha dogo lililotazama tangi la maji. Kitanda cha mlangoni kilikuwa changu. Cha dirishani kilikuwa cha Kalondu, aliyekuwa mpishi wa nyumba hiyohiyo. Jioni tulipika ugali kwenye jiko la makaa pale nje mlangoni, na Kalondu alizoea kuniigiza jinsi ninavyowaita watoto wa Memsabu waje kula, mpaka mlinzi wa jirani anashika tumbo kwa kicheko. Sauti yangu ilikuwa kubwa. Bado ni kubwa, mnaijua. Kalondu alisema nikiita watoto wawili wanakuja mbwa sita. Nilicheka naye. Sikuwa na rafiki mwingine katika mji huu, na sikudhani nahitaji.

Mwalimu Makau alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu la mabati kule Kabiria. Mzee mfupi, mwenye koti moja. Kazi iliyomlisha ilikuwa kufagia ofisi katika jengo moja refu katikati ya mji. Yeye ndiye aliyeona kwamba sisi watu wa kwota hatuonekani kanisani Jumapili, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya wageni wa matajiri, na mgeni hali chakula ambacho hakuna aliyekipika. Siku yetu ilikuwa Alhamisi, kuanzia vyombo vya mchana vikishaoshwa. Basi akaja yeye. Alitembea kutoka mjini kila Alhamisi na kufundisha darasa la ubatizo katika chumba cha kufulia nguo cha nyumba yetu, maana saa hizo Memsabu alikuwa ameenda kucheza tenisi. Tulikuwa saba tumekaa juu ya ndoo na vikapu vya nguo chafu: mimi, Kalondu, watunza bustani wawili, mlinzi wa jirani, na akina mama wawili kutoka Magharibi waliofua nyumba za ng'ambo ya barabara. Mwalimu alisema, na hakuwa anatania, "Bwana amenipa saba. Hawa nikiwafikisha majini nitakuwa nimemaliza, halafu anichukue akitaka."

Ni lazima niwaeleze desturi yetu ya wakati ule, kwa sababu siku hizi mnajaza fomu. Mwanafunzi hakusoma tu akaingia majini. Kulikuwa na Jumapili ya kutajwa. Siku hiyo mwalimu alikuja mbele ya wazee na kanisa lote akawataja kwa mdomo, jina moja moja, wale ambao yeye mwenyewe amewajua na ameridhika nao. Karatasi haikupokelewa. Mzee Nzioka, aliyekuwa mkubwa wa wazee, alisema karatasi haina macho, haiwezi kumwona mtu. Ambaye hakutajwa alirudi kungoja mwaka mwingine, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa, mwaka ule sauti ya Mwalimu ilianza kwisha. Ilianza kama mafua. Mvua za masika zilipokatika ilikuwa imebaki mnong'ono, kama mtu anayekunja karatasi. Daktari alimwambia kuna kitu kimeota kooni na kwamba kimechelewa kuonekana. Alhamisi moja alikuja, akakaa kwenye ndoo yake, akatutazama mmoja mmoja, halafu akaninyoshea kidole mimi.

"Huyu?" Kalondu akasema. "Mwalimu, huyu hata Biblia yenyewe anaisoma akikwama kama gari kwa matope."

Mwalimu alinivuta karibu akaninong'oneza, nami nikawaambia wenzangu kama alivyosema: "Mwalimu anasema hakunichagua kwa kusoma. Amenichagua kwa sababu nina sauti ya kufukuza ng'ombe shambani kwa mtu."

Walicheka wote, na Kalondu zaidi ya wote. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kama mdomo wa Mwalimu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila Jumatano Memsabu alinituma sokoni mjini kununua samaki na maua. Nikishanunua nilizunguka nyuma ya lile jengo la ofisi, nikaingia chumba cha mifagio chini ya ngazi. Kilikuwa hakina dirisha. Kilinuka dawa ya sakafu na matambara ambayo hayakauki. Mwalimu alikaa hapo saa ya chakula na bati lake la muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, akimeza kidogo kidogo na kufumba macho kila anapomeza. Alininong'oneza somo lote la kesho yake, nami nikalirudia. Kwa kuwa kusoma kulinishinda, nililishika kichwani. Nikiacha neno, aligonga sakafu kwa mti wa ufagio.

"Umeacha."

"Nimeacha nini, Mwalimu? Maana si ni ileile?"

"Sikukutuma maana. Nimekutuma maneno."

Nikarudia. Akagonga tena. Nikarudia. Samaki wangu alikuwa anaanza kunuka ndani ya kikapu na bado hajaniachilia. Kuna siku makarani wawili walisimama juu yetu kwenye ngazi, hawakujua kuna mtu chini, mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu mzee wa kufagia siku hizi amekuwa bubu." Mwenzake akajibu, "Afadhali. Alikuwa anatuhubiria mpaka chooni." Wakacheka wakaenda zao. Nilimtazama Mwalimu. Alimaliza kutafuna, akapangusa kijiko, akaninong'oneza: "Neno likianguka njiani, mwizi ni yule aliyetumwa. Rudia."

Nilirudia. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimesikia wahubiri wenye suti na vipaza sauti, na hakuna aliyenifundisha zaidi ya pale kwenye mifagio. Lakini kujua jambo na kulifanya ni majirani wasiosalimiana.

Hakuna aliyeniambia kwamba kazi ile ingeniacha peke yangu. Watu hawafanyi mzaha na mdomo wa mtu mwingine. Niliwaambia wenzangu maneno makali ya Mwalimu, kuhusu pombe ya mlinzi, kuhusu uvivu wa watunza bustani, na ingawa walijua ni maneno yake, sauti iliyowachapa ilikuwa yangu. Wakaanza kuniita Mdomo. Nilipokuwa nikikaribia ua nilisikia, "Nyamazeni, Mdomo anakuja." Jina hilo lilitoka kwa Kalondu. Kwake lilikuwa utani tu, na yeye utani ulikuwa ndiyo hewa yake, lakini mimi sikucheka. Chakula chetu cha jioni kikawa kimya. Alikula akitazama dirisha, mimi nikatazama mlango, na jiko likazima bila mtu wa kulipuliza. Wakati mwingine nililala nikisikia mlinzi na wale akina mama wakizungumza kwa furaha upande wa pili wa kayaba, na nilijua nikitoka nje mazungumzo yatakwisha, kwa hiyo sikutoka.

Halafu tukafukuzwa kwenye chumba cha kufulia. Alhamisi moja tulikuta kufuli mpya, na Memsabu, ambaye hakuwa ameenda tenisi, akatoka akasema kwa upole kwamba pale si kanisani. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimemsikia Kalondu jikoni akicheka na Memsabu kwa muda mrefu. Nikajumlisha mambo mawili nikapata jibu. Tangu siku hiyo darasa lilikaa nje kando ya barabara, chini ya ua, katika ile baridi ya Julai na manyunyu yake, Mwalimu akiwa amejifunika gunia mabegani, akikohoa mpaka damu. Kila kikohozi nilikiandika kwa jina la Kalondu. Sikumuuliza. Nilinyamaza naye chumba kimoja wiki baada ya wiki, na huku nalisha hasira yangu kama mtu anayefuga kuku kisirisiri. Mpaka leo sijui nani alimwambia Memsabu. Nimekuja kufikiri baadaye kwamba huenda hakuna aliyemwambia. Sauti kama yangu, ikihubiri ndani ya chumba cha kufulia kila Alhamisi, ilihitaji msaliti gani?

Jumapili ya kutajwa tuliombewa ruhusa sisi sote, tukaenda Kabiria kwa miguu. Kalondu alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha kichwa alichokipiga wanga mpaka kikasimama. Alikaa benchi ya tatu. Mwalimu aliketi kwenye kiti mbele, wazee upande huu, nami nimesimama kando yake. Aliponong'ona niliinama, nikainuka, nikatangaza. Mlinzi. Watunza bustani, mmoja, halafu wa pili. Wale akina mama wawili. La sita lilikuwa langu, Mbithe, nikalitangaza nalo. Kisha akaninong'oneza la saba: "Kalondu."

Niliinuka. Nilimwona pale benchi ya tatu, ameshika mikono yake miwili pamoja, anatabasamu tayari. Sikusema kitu.

Mwalimu aligonga mguu wa kiti kwa kisigino. Niliinama. "Kalondu," akarudia. Nikainuka mara ya pili, nikasema kwa ile sauti yangu ya kufukuza ng'ombe, "Mwalimu amemaliza."

Akina mama wakapiga vigelegele, ngoma ikaanza. Mwalimu aliinua mkono wake, akafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Mama mmoja karibu na mimi akasema, "Mtazameni, anawabariki." Watu wakamwinulia mikono nao. Kalondu alikuwa bado ameketi. Halafu akasimama akaimba pamoja na wengine, akiwa amechelewa maneno kidogo.

Vijana, mimi sikuua mtu, wala sikuiba kuku wa mtu. Nilinyamaza tu, tena kwa muda mfupi wa kuvuta pumzi. Lakini mzee yule alikuwa na kazi moja iliyobaki duniani na sauti moja ya kuifanyia, na sauti hiyo ilikuwa mimi.

Jumatatu jioni Kalondu alipika peke yake, akanipakulia ugali na sukuma, na vipande vya nyama vilivyobaki mezani kwa Memsabu akaniwekea mimi vyote. Hakuwa amewahi kuniita dada.

"Dada, nikuulize kitu. Usikasirike."

"Uliza."

"Wewe uko karibu na yeye. Mwalimu alinikataa juu ya nini? Mimi siwezi kumwuliza, naona aibu. Niulizie."

Ningeweza kuyamaliza pale pale, kabla ugali haujapoa. Nilisema, "Nitamwuliza." Alhamisi nilirudi kutoka kwa Mwalimu Kabiria, kumpelekea uji, nikamkuta Kalondu ananingoja mlangoni na mikono ina unga.

"Alisemaje?"

"Alisema ujichunguze."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mgonjwa aliyeandikiwa dawa. Na kweli akajichunguza. Siku mbili hakutania na mtu. Jumamosi asubuhi nilikuwa namlisha mtoto uji katika chumba cha kulia, nikamwona Kalondu anaingia bila sinia, amefuta mikono, anasimama mbele ya Memsabu.

"Memsabu, mimi nimekuwa nikichukua sukari. Vijiko mbili asubuhi, mbili jioni. Tangu nianze kazi. Nataka niwe safi."

Memsabu alikoroga chai yake muda mrefu. "Na nini kingine?"

"Hakuna ingine, Memsabu. Ni sukari tu."

Hakuna kwota Spring Valley nzima ambayo haikunywa sukari ya nyumba kubwa. Ilikuwa kama maji ya bomba, hakuna aliyeiita wizi. Chai yangu mimi ilitoka kwenye kopo lilelile, na hata asubuhi hiyo nilikuwa nimeinywa. Nilishika kijiko cha mtoto nikanyamaza mara ya tatu. Kabla ya saa sita mchana Kalondu alikuwa ameambiwa aondoke. Alikunja shuka zake juu ya kitanda cha dirishani, akaziweka kwenye sanduku la mbao, akafunga na kamba. Alinitazama bila uchungu wowote, na hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho.

"Angalau sasa niko safi," akasema. "Mwambie Mwalimu."

Kitanda kile kilibaki na chuma tupu. Memsabu hakuleta mpishi mwingine, alisema nitasaidia jikoni. Nilipika ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja haupikiki vizuri, huwa unashika sufuria. Hakukuwa na mtu wa kuniigiza. Wale wa upande wa pili wa ua waliamini mimi ndiye niliyemchongea kwa sukari, na sikuweza kuwaambia si kweli, kwa sababu ukweli ulikuwa mbaya zaidi.

Alhamisi iliyofuata nilimpelekea Mwalimu uji Kabiria tena, maana hakuwa na nguvu za kutembea. Chumba chake kilikuwa na kitanda, msumari wa koti, na mafuta ya taa kwenye chupa. Tangu siku ya kutajwa hakuwa amenikaripia hata mara moja. Alinywa uji wake na kila nilipoinuka kwenda alininong'oneza maneno mawili tu: "Bado mmoja." Siku hiyo aliposema "Bado mmoja" nilianguka magotini nikamwambia yote, ya kunyamaza, ya "ujichunguze", na ya sukari.

Alifumba macho. "Mara ya kwanza," akanong'ona, "uliliacha neno langu. Mara ya pili umembebea neno ambalo si langu. La pili ndilo linaloniuma." Halafu akasema, "Mtafute kwanza. Kisha useme palepale uliponyamaza."

"Watanifukuza, Mwalimu."

"Labda."

"Si uandike tu karatasi, nimpelekee Mzee Nzioka?"

Akageuza uso kuelekea ukutani. Nilimjua, huo ndio ulikuwa mti wa ufagio.

Nilimpata Kalondu wiki moja baadaye. Alikuwa amepata kibarua cha kufua nguo kule Karen, na niliomba ruhusa ya siku nzima, nikatembea kutoka asubuhi, nikiuliza kwenye mageti, mpaka nikamwona ng'ambo ya ua akianika mashuka makubwa kama matanga. Alikuja getini na vibanio vya nguo mdomoni. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Sikuweka sukari, mtanisamehe neno hilo. Alitoa vibanio mdomoni kimoja kimoja akaviweka kwenye aproni.

"Kwa hivyo Mwalimu alinitaja?"

"Alikutaja. Mara mbili."

Akakaa chini kwenye nyasi. "Mara mbili," akasema, si kwangu. Nilinyosha mkono kati ya nondo za geti, akautazama. "Usinishike. Hiyo mkono yako iweke. Jumapili ya maji nitakuja kwa sababu ya mzee. Sasa nenda."

Jumapili ya maji vijana wa kanisa walimleta Mwalimu juu ya mkokoteni, amefungwa blanketi, wakamwegemeza kwenye kiti chake. Nyuma ya kanisa tangi la saruji lilikuwa limejazwa tangu alfajiri. Kabla ya wimbo wa kwanza nilikwenda mbele nikasimama pale pale. Nilisema: siku ile Mwalimu alitaja saba, mimi nikawapa sita. Nikasema sababu. Nikasema ya sukari. Juu yetu mabati yalikuwa yakilia kwa jua. Nikainama kwa Mwalimu, akaanza upya, tangu la kwanza mpaka la saba, nami nikatangaza yote, na nilipofika "Kalondu" nilimwona mlangoni, na kile kitambaa cheupe, hakikuwa na wanga.

Wazee walishauriana palepale kwenye benchi yao. Mzee Nzioka akainuka. Alisema Kalondu ataingia majini leo. Akasema, "Huyu Mbithe alimfungia mwenzake mlango wa maji. Angoje mwaka, ajue kukaa nje kulivyo." Kisha akamgeukia Mwalimu kwa heshima. "Mwalimu, wewe ndiye uliyemtaja. Unasemaje?"

Niliinama. Nawaambia kweli nilitumaini. Alikuwa mzee wangu, nilikuwa nimembebea maneno yake mwaka mzima, uji wake nimeupika mimi. Pumzi yake ilikuwa moto sikioni mwangu. Nikainuka, na sikuacha hata neno moja: "Mwalimu anasema wazee wamehukumu sawa. Anasema mimi nilikuwa tayari kutajwa, sikuwa tayari kutaja."

Wote sita waliingia majini. Mimi niliwashikia taulo. Kalondu alipotoka, akitetemeka, alichukua taulo mkononi mwangu bila kunitazama, akaenda. Siku tisa baadaye Mwalimu alifariki. Alipewa saba akafikisha sita, na watu waliposema kaburini kwamba ameimaliza kazi yake, mimi niliyekuwa kazi yenyewe iliyobaki nilikuwa nimesimama nyuma yao.

Ulikuwa mwaka mrefu. Wazee waliona kwamba masomo yote ya Mwalimu yako kichwani mwangu na hayako mahali pengine, wakanipa darasa la Alhamisi niendelee, mimi ambaye sijabatizwa niwafundishe wengine wabatizwe. Nilifundisha. Kila nilipotaka kufupisha nilisikia ufagio. Nilirudi jioni kwenye chumba chenye kitanda kimoja kitupu, nikala, nikayarudia masomo kwa sauti ndogo ili yasinitoke, na mtu angepita dirishani angedhani naongea na mgeni. Mwaka ulipotimia Mzee Nzioka mwenyewe ndiye aliyenitaja, nikaingia majini asubuhi ya baridi. Niliangalia watu waliokuwa kando ya tangi. Kalondu hakuja. Nilipotoka nilijifuta mwenyewe, nikasema kimoyomoyo, Mwalimu, wametimia.

Darasa hilo nimelifundisha mpaka miguu ilipokataa, na wengine wenu mlipita mikononi mwangu. Kalondu nilikuja kuwa jirani yake tena hapa Kabiria, sote tumeshazika waume. Alinywa chai kwangu, nami kwake. Alirudia utani wake, lakini katika miaka yote hiyo hakunipa salamu hata moja nimpelekee mtu. Ningemwambia, "Naenda sokoni, nimwambie fundi kwamba utakuja kesho kuchukua viatu vyako?" Angesema, "Hilo nitalisema mwenyewe." Alisema kwa upole. Sikuwahi kumlaumu.

Mwezi uliopita alilazwa hospitali mjini. Akapiga simu nyumbani, simu ikashikwa na mjukuu wangu Mutheu. Kalondu akamwambia, "Mwambie Susu yako aje. Nina neno nataka anisemee." Mutheu aliona presha yangu imepanda wiki hiyo, akaona anitunze kwanza. Alinitunza siku tatu. Siku ya nne akaniambia huku akipakua chakula, nikaondoka kama nilivyokuwa. Nilikuta kitanda kimetandikwa upya. Nimewauliza watoto wake neno hilo lilikuwa nini, hawajui. Nimemwuliza nesi, hajui. Alikaa miaka hamsini akinipima, akaniona nafaa, na sijui alinituma nini.

Mutheu alilia sana. Watu wa nyumba yangu walingoja nimrarue, na hadi leo baadhi yenu mnashangaa sikumgusa. Yeye alichelewa kwa kunipenda. Mimi nilinyamaza kwa chuki, ningeanzia wapi? Lakini jioni tuliyotoka kuzika, sahani zikiwa zimeshawekwa mezani na ugali unafuka, niliwazuia wasinawe mikono. Nikamwambia mwanangu, na mkewe, na Mutheu, na wadogo wote: "Kuanzia leo, mtu wa nyumba hii akipewa neno amfikishie mwingine, hatakula hapa kabla hajalifikisha, lote, kama alivyopewa, hata kama litampandisha mtu presha. Na kama kuna aliyeketi hapa na neno la mtu sasa hivi, ainuke aende."